Mastaa 16 mlimani, hakuna aliyepuliza filimbi

STEVENS PASS, MAREKANI

UKIPEWA kikosi cha watu 16, wote wanaijua kazi, karibu wote wana vifaa kamili na wengi wao wanajua ripoti ya hatari ya siku hiyo inasemaje, utasema hapa hakuna cha kuharibika. Jumapili ya Februari 19, 2012, kikosi cha aina hiyo kilisimama juu ya mlima wa Cowboy, kwenye kituo cha michezo ya theluji cha Stevens Pass, jimbo la Washington. Muda mfupi baadaye, watatu kati yao walikuwa wamefukiwa na theluji. Hawakutoka wakiwa hai.

Hawa hawakuwa watalii waliopotea njia. Walikuwemo wachezaji wa kulipwa, mwamuzi wa mashindano ya dunia, wahariri wa habari za mchezo wenyewe na wenyeji wanaoujua mlima ule kama shabiki wa Dar es Salaam anavyoijua njia ya kwenda kwa Mkapa.

Ndiyo maana kisa hiki kinaendelea kusimuliwa hadi leo kila dhoruba ya theluji inapopita na watu wanapoanza kufunga viatu vyao. Kila anayekisikia anauliza swali lile lile. Walijua hatari ipo, sasa waliingiaje?

KIKOSI CHENYEWE

Kwanza mchezo wenyewe. Kwenye vituo vya kuteleza, kampuni inayomiliki eneo hutengeneza njia za kushukia, huzikagua na huweka walinzi. Asubuhi baada ya dhoruba, walinzi hao hulipua baruti kwenye miteremko ya hatari ili theluji iporomoke kabla watu hawajafika. Hapo ni kama kucheza uwanjani, una mistari, una waamuzi na una gari la wagonjwa pembeni.

Lakini kuna wanaoona uwanja huo umejaa watu na theluji yake imeshakanyagwa. Wao hutoka nje ya mipaka, nyuma ya mlima, kwenye theluji ambayo haijaguswa na mtu. Huko hakuna mlinzi wala baruti. Kila mtu ni kocha, mchezaji na daktari wake mwenyewe.

Stevens Pass iko kwenye milima ya Cascade, mashariki mwa jiji la Seattle, na upande wake wa nyuma kuna bonde linaloitwa Tunnel Creek. Kwa wapenzi wa theluji laini, bonde lile ni utamu mtupu. Unapanda kwa viti vinavyovutwa na waya, unatembea kidogo hadi kileleni, kisha unashuka upande wa pili kwa raha zako.

Aliyewaita watu siku ile ni Chris Rudolph, mkurugenzi wa masoko wa kituo. Rudolph alikuwa mtu wa watu, na wageni kutoka majarida na televisheni walikuwa wamekuja kukiona kituo chake. Pembeni yake alikuwepo Jim Jack, mwamuzi mkuu wa ziara ya dunia ya mchezo wa kuteleza huru, ule ambao mchezaji anajichagulia njia yake mlimani na majaji wanampa alama. Alikuwepo pia Elyse Saugstad, mwanamke mzaliwa wa Alaska aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huo mwaka 2008. Alikuwepo mhariri wa jarida la Powder, ambalo kwa watu wa theluji lina heshima kubwa, na mhariri wa habari za mchezo huo wa ESPN.

Habari zilisambaa kwamba Rudolph na Jack wanashuka Tunnel Creek. Huyu akamwambia yule, yule akamvuta mwenzake. Kundi lililotakiwa kuwa dogo likafika watu 16.

TAHADHARI ILIKUWEPO

Siku chache kabla, dhoruba kubwa ilikuwa imepiga na kumwaga takribani sentimita 80 za theluji mpya. Pima hiyo kwenye mguu wako, inakupita kiuno kidogo tu kwa chini. Kwa watelezaji, siku ya kwanza ya utulivu baada ya dhoruba kama hiyo ni kama siku ya dabi. Watu wanaomba ruhusa kazini, wanaamka alfajiri na wanapanga foleni.

Tatizo ni kwamba siku hiyo hiyo inayotamaniwa ndiyo siku mbaya. Saa 24 hadi 48 za kwanza baada ya dhoruba ndizo ambazo theluji haijatulia na iko tayari kukatika.

Dunia nzima ya milima hutumia ngazi tano za hatari. Ya kwanza ni ndogo, ya pili ni ya wastani, ya tatu ni kubwa kiasi, ya nne ni kubwa na ya tano ni ya kupindukia. Kituo cha utabiri wa hali ya hewa na maporomoko cha ukanda ule kilitoa ripoti yake asubuhi ya siku ile. Kwa miteremko iliyo juu ya futi 5,000, yaani takribani mita 1,500, hatari ilikuwa kubwa, ngazi ya nne. Chini ya hapo ilikuwa ngazi ya tatu. Walikokuwa wanaanzia Rudolph na wenzake ni juu ya futi 5,000.

Kwa lugha ya mpira, kadi ya njano ilishatoka mfukoni kabla mechi haijaanza.

Kuna jambo kuhusu ngazi ya tatu ambalo wageni wa mchezo huu huwa hawalijui. Ngazi ya tano ikitangazwa, watu wanabaki nyumbani. Ngazi ya nne, wengi wanaogopa. Lakini ngazi ya tatu, kwa kuwa iko katikati, watu wanaisoma kama "poa tu, twende kwa tahadhari". Matokeo yake sehemu kubwa ya vifo vya maporomoko hutokea siku za ngazi hiyo ya katikati. Timu inayokufunga siyo lazima iwe ile unayoiogopa.

THELUJI INAVYOKATIKA

Watu wengi hudhani maporomoko ya theluji ni bonge linaloviringika kutoka juu na kukua kadiri linavyoshuka, kama kwenye katuni. Yanayoua hayako hivyo.

Theluji hujipanga mlimani kwa matabaka. Kila dhoruba inaleta tabaka lake, na kila tabaka lina tabia yake. Usiku ukiwa wa baridi na anga ikiwa safi, unyevu wa hewa huganda juu ya theluji na kuwa fuwele nyembamba kama manyoya. Asubuhi zinang'aa, zinapendeza kwa macho. Dhoruba ikija na kuzifunika, fuwele zile zinabaki huko chini zikiwa dhaifu vile vile, na juu yake kuna mzigo wa maelfu ya tani. Ni kama mtu apange mifuko ya saruji juu ya vijiti vya kiberiti vilivyosimama wima.

Mzigo unaweza kukaa hivyo kwa siku au wiki. Kisha anapita mtu mmoja, uzito wake unashuka hadi kwenye vijiti, kimoja kinavunjika, jirani yake anavunjika, na ufa unakimbia mlimani kuliko mtu yeyote anavyoweza kukimbia. Bamba zima linaachia kwa mpigo. Mara nyingi anayelikata anakuwa amesimama katikati yake, siyo chini yake. Katika takribani ajali tisa kati ya 10 za kuua kwenye michezo hii, aliyefukiwa ndiye aliyelikata bamba hilo, yeye mwenyewe au mtu wa kundi lake. Kwa maneno mengine, mlima hausubiri mtu, ni mtu anayekwenda kuubonyeza.

Miteremko inayokatika zaidi ni ile yenye nyuzi 30 hadi 45. Pungufu ya hapo theluji haina kasi ya kuteleza, zaidi ya hapo haikai ikakusanyika. Bahati mbaya nyuzi hizo hizo ndizo tamu kwa kuteleza.

Tunnel Creek ilikuwa na yote hayo. Mwanzoni mwa Februari kulikuwa na siku za jua na usiku wa baridi, fuwele zikaota, kisha dhoruba ikazifunika.

WAKASHUKA

Kileleni kundi likakaa kidogo. Kulikuwa na utani, kulikuwa na kusalimiana, na watu wengine ndiyo kwanza walikuwa wanakutana. Simulizi za walionusurika zinaonyesha kwamba baadhi yao moyoni walikuwa na wasiwasi. Waliona kundi ni kubwa mno. Waliona theluji ni nyingi mno. Lakini kila mmoja alitazama kushoto na kulia, akaona majina makubwa yametulia, akajiambia mimi ni nani wa kuwafundisha hawa?

Mmoja wao, mwanamke anayeteleza kwa ubao, hakuridhika. Aligeuza njia akarudi upande salama wa kituo. Hakufanya mkutano, aliondoka tu.

Waliobaki walijigawa kwenye makundi madogo na kukubaliana kushuka kwa zamu, ili wasiwe wote kwenye mteremko mmoja kwa wakati mmoja. Huo ni utaratibu sahihi, ndivyo inavyofundishwa. Rudolph akatangulia, wengine wakafuata. Ilikuwa inakaribia saa 6 mchana.

Bamba lilikatika juu yao. Lilikuwa na upana wa karibu mita 60, sawa na kutoka mstari mmoja wa pembeni ya uwanja wa mpira hadi karibu na mwingine, na unene wa karibu mita moja. Ndani ya sekunde chache lilishakuwa mto, likaingia kwenye korongo jembamba na kushuka zaidi ya mita 700 kwenda bondeni, kwa kasi inayopita kilometa 100 kwa saa, likiponda miti njiani. Ndani ya muda wa kona moja kupigwa na kuokolewa, kila kitu kilikuwa kimekwisha.

Mmoja wa watelezaji alijibana kati ya miti na theluji ikampita. Watu wanne ilikwenda nao.

Saugstad alikuwa amevaa mkoba maalumu wa mgongoni. Ukivuta mshipi wake, puto kubwa la hewa linajaa. Kazi ya puto siyo kukufanya uelee kama kwenye maji. Linakuongezea ukubwa. Chukua kopo la karanga ulitikise, zile kubwa zinapanda juu na ndogo zinazama. Maporomoko yanafanya hivyo hivyo. Saugstad alivuta mshipi, akapigwa huku na huku hadi bondeni, na theluji iliposimama alikuwa amelala chali, mikono yake ikiwa nje na uso ukiweza kupata hewa. Mwili wote uliobaki ulikuwa umeshikwa kama umemwagiwa zege. Hakuweza hata kujigeuza.

Wengi wa waliokuwa juu hawakujua kilichotokea. Waliposhtuka walianza kushuka kwenye mabaki ya theluji wakiwa wamewasha vifaa vyao vya kutafutia. Walimkuta Saugstad akiwa hai. Mita chache kutoka kwake walimfukua Rudolph, na hakuweza kuokolewa. Jim Jack naye alifariki, pamoja na rafiki yao wa tatu, mjenzi wa nyumba aliyekuwa mkazi wa eneo lile na baba wa watoto wawili.

Siku hiyo hiyo, kwenye jimbo hilo hilo, mtelezaji mwingine wa ubao alifariki kwa maporomoko eneo la Alpental. Dhoruba moja, vifo vinne, siku moja.

DAKIKA 15 ZA UHAI

Kwa nini vifaa havikutosha? Hapa hesabu haina huruma.

Kila anayekwenda nyuma ya mlima anatakiwa kuwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni kifaa kidogo cha redio kinachovaliwa kifuani, kinachotoa mawimbi muda wote. Mwenzako akifukiwa, unageuza cha kwako kipokee, unafuata mawimbi hadi juu yake. Cha pili ni ufito mrefu wa kukunjwa, unaochomwa kwenye theluji kupapasa mwili uko wapi. Cha tatu ni beleshi la kufukulia.

Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 hadi 15, uwezekano wa kupona ni mkubwa sana. Baada ya hapo mstari unashuka kama timu inayokimbilia daraja la kwanza. Ikifika dakika 35, wanaopona wanabaki kama theluthi moja tu. Ni kwa sababu pumzi yako mwenyewe inayeyusha theluji usoni, inaganda tena na kukufungia hewa. Dakika 15 ni mapumziko ya kipindi cha kwanza. Muda ambao shabiki anautumia kununua soda na kurudi kwenye kiti chake, ndio muda wote alionao mtu kufika, kumtafuta rafiki yake, kumpata na kumfukua.

Na hiyo ni kwa ambao hawakuumizwa njiani. Takribani robo ya wanaofariki huuawa na majeraha ya kugongwa na miti na miamba. Hao kifaa cha redio hakiwasaidii kitu.

Helikopta haiwezi kuwahi dakika hizo. Anayeweza kukuokoa ni yule uliyekuja naye.

WIKI ILE ILE, ULAYA

Siku mbili kabla ya Tunnel Creek, Februari 17, mlima mwingine ulikuwa umeshatoa onyo. Ilikuwa Lech, Austria, ambako familia ya kifalme ya Uholanzi ilikuwa na kawaida ya kwenda kila mwaka. Prince Friso alitoka nje ya njia zilizotengenezwa, na hatari siku hiyo ilikuwa ngazi ya nne. Alifukiwa takribani dakika 25. Mwenzake aliyekuwa na mkoba wa puto alipona. Prince Friso alitolewa akiwa hajitambui, akabaki hivyo, akafariki Agosti 2013.

Ubingwa pia siyo kinga. Mwanzoni mwa Aprili 2016, binti wa Uswisi Estelle Balet alitwaa kwa mara ya pili mfululizo taji la dunia la kuteleza huru kwa ubao. Aprili 19 ya mwezi huo huo, akiwa anarekodi filamu mlimani nchini kwao, maporomoko yalimchukua. Alikuwa na miaka 21.

Kila msimu wa baridi, maporomoko huua wastani wa watu wasiopungua 20 na ushee Marekani, na kwenye milima ya Alps hesabu hufika karibu 100.

WENGI WAPE, LAKINI SIYO MLIMANI

Mtafiti wa Marekani, Ian McCammon, alikaa chini na mafaili ya ajali 715 za maporomoko zilizotokea kati ya mwaka 1972 na 2003. Alitaka kujua kwa nini watu waliosomea hatari hii wanaendelea kufa nayo. Alichokikuta hakihusu theluji sana, kinahusu kichwa cha binadamu.

Kuna mtego wa mazoea. Mtu amepita pale mara 20 na hakikutokea kitu, basi anaamini ya 21 nayo ni salama. Kuna mtego wa staa, kundi likiwa na mtu mmoja anayeonekana anajua, wengine wanaacha kufikiri. Kuna mtego wa ahadi, tumeshapanga, tumeshapanda, tutarudije mikono mitupu? Kuna mtego wa uhaba, theluji mpya ni ya leo tu, kesho itakuwa imeshakanyagwa na wengine. Kuna wa kutaka kuonekana, na kuna wa wingi wa watu, kwamba tukiwa wengi tuko salama.

Mtego huu wa mwisho unamgusa kila aliyekulia kwenye msemo wa wengi wape. Uwanjani wingi unasaidia. Mlimani kila mtu anayeongezeka ni uzito mwingine juu ya vijiti vya kiberiti, na ni mdomo mwingine unaosubiri mwenzake aongee kwanza.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo anaijua hali hiyo. Dogo aliyepandishwa kutoka timu ya vijana anaona beki mkongwe anacheka na mguu mbovu. Anajua mechi ikianza ule mguu hautafika dakika ya 60. Lakini atamwambia nani? Nahodha kanyamaza, daktari kanyamaza, yeye ni nani? Timu inaingia uwanjani ikiwa na siri ambayo kila mtu anaijua. Kwenye mpira gharama yake ni pointi tatu.

John Branch, mwandishi wa dawati la michezo la gazeti la New York Times, alizungumza na walionusurika na akaandika habari yao mwaka huo huo, Desemba 2012. Mwaka uliofuata alipewa tuzo ya Pulitzer. Katika simulizi ile hakuna mjinga wala mhuni. Kuna watu wazuri, wanaopendana, ambao kila mmoja alimheshimu mwenzake kiasi cha kutomsumbua kwa swali.

VIJANA WA UGENINI

Kama Tunnel Creek ni kisa cha waliojua, Sölden ni kisa cha wasiojua.

Januari 5, 2015, vijana sita wa timu ya Marekani ya kuteleza walikuwa Austria kwa mazoezi. Wawili kati yao ni Ronnie Berlack, miaka 20, na Bryce Astle, miaka 19, waliokuwa wanaandaliwa kwa ajili ya timu ya taifa. Kulikuwa na siku kadhaa za theluji nyingi, kisha joto kidogo. Hatari ilikuwa ngazi ya tatu. Waliiona theluji safi pembeni ya njia iliyotengenezwa, wakaingia. Mteremko ukakatika. Wanne walifanikiwa kutoka, Berlack na Astle walifukiwa na kufariki.

Kilichowaponza kinamfundisha yeyote anayecheza ugenini. Kwao Marekani, eneo lililo ndani ya mipaka ya kituo hukaguliwa hata kama halijatengenezwa njia. Ulaya mambo ni tofauti. Ukivuka alama za pembeni ya njia, hata kwa hatua chache, umeshatoka uwanjani, na hakuna aliyekagua. Vijana wale walikuwa wanateleza tangu utotoni, lakini sheria ya uwanja wa wenyeji hawakuijua, na hawakuwa na vifaa vya kutafutana.

Familia zao hazikuishia kulia. Zilianzisha taasisi iliyopewa jina BRASS, kwa herufi za majina ya vijana hao na usalama wa wanamichezo kwenye theluji, inayofundisha wachezaji chipukizi kusoma ripoti ya hatari kabla ya kufunga viatu.

FILIMBI MKONONI MWA KILA MTU

Mafunzo ya maporomoko zamani yalikuwa zaidi ya theluji, chimba shimo, tazama matabaka, pima. Hayo yapo bado. Mtelezaji anafundishwa kusikiliza mlio mzito wa theluji ikijishusha chini ya miguu yake, kutazama nyufa zinazokimbia mbele ya mbao zake, kuangalia kama mteremko wa jirani umeshakatika, na kukumbuka upepo ulikuwa unapeleka theluji upande gani. Ishara moja tu kati ya hizo inatosha kurudi.

Siku hizi wakufunzi wengi wanaweka nguvu kwenye mdomo pia. Wanafundisha kundi liwe dogo, watu wanne au watano badala ya 16. Wanafundisha njia ichaguliwe nyumbani, kabla macho hayajaona theluji na kupagawa. Na wanafundisha kwamba kila mmoja ana kura ya turufu. Mmoja akisema hapana, kundi zima linageuka, hakuna mjadala, hakuna kumcheka, hakuna kumwambia mbona unaogopa. Baadhi ya vikundi humpa mwenye uzoefu mdogo nafasi ya kuongea kwanza, kwa sababu wakubwa wakishaongea yeye hataongea tena.

Ni rahisi kuisema na ni ngumu kuifanya. Anayesema hapana hapewi medali. Kundi likigeuka na mlima usikatike siku hiyo, ataonekana ameharibu sherehe ya watu, na hatakuwa na ushahidi wowote wa kujitetea. Mlima hauna VAR ya kurudia tukio na kuonyesha kwamba dogo yule aliokoa maisha ya watu.

Lakini dhoruba zitaendelea kupiga Cascade na Alps kila msimu, na kila ikipiga, asubuhi yake patakuwa na watu juu ya mteremko mweupe usio na alama ya mguu, wakitazamana. Watakaorudi nyumbani jioni bila majeneza siyo lazima wawe wale wenye mbao za gharama au majina makubwa. Ni wale ambao mmoja wao atafungua mdomo.